Baba anataka aonje mvinyo wa Sicily na mkwewe, na mume wangu ameacha pombe

Shikamoo dada mshauri,

Mimi ni muuguzi, nina miaka 43, naishi Ujerumani na mume wangu na mtoto wetu wa kiume wa miaka 9. Kwetu ni Dodoma. Baba amelima zabibu Hombolo tangu kabla sijazaliwa, na ada zangu zote, za shule na za chuo cha uuguzi, zilitoka kwenye ekari mbili na nusu za mizabibu. Sasa ana miaka 71. Mama alipofariki, miaka mitatu iliyopita, siku ya kumaliza matanga nilikaa naye nje usiku nikamwambia, "Baba, ukipata nguvu nitakuleta Ulaya uone wenzako wanavyolima." Alicheka kidogo, mara ya kwanza wiki ile. Tangu hapo nimekuwa naweka akiba kila mwezi.

Nimechagua kisiwa cha Sicily, Italia. Mapadre wa Kiitalia ndio waliomfundisha baba kupogolea alipokuwa kijana pale misheni ya Bihawana. Najua hawakuwa watu wa kisiwa hicho, lakini baba akisema "Wataliano" ni kama anataja ukoo wake wa pili. Visa yake imetoka. Nimepanga siku nane, mwisho wa Septemba na mwanzo wa Oktoba, wakati wa mavuno. Tutashukia Catania, tulale siku tatu upande wa kaskazini wa mlima Etna karibu na Randazzo, twende Vittoria, kisha Marsala, tumalizie kwenye kisiwa kidogo cha Pantelleria. Nimeorodhesha viwanda tisa vya mvinyo, na mume wangu nilimweka awe dereva.

Shida iko kwa mume wangu. Ana miezi 14 hajagusa pombe. Kabla ya hapo alikunywa kwa miaka kadhaa, mwanzoni na marafiki, baadaye peke yake. Chupa nilizikuta nyuma ya sabuni ya kufulia. Siku iliyotufikisha mwisho, alitakiwa amchukue mtoto kwenye mafunzo ya kuogelea. Mtoto alisimama nje kwenye mvua saa nzima na nusu. Baba yake tulimkuta amelala ndani ya gari kwenye maegesho, injini inaunguruma. Kesho yake alikwenda mwenyewe kwa daktari, na kila Jumanne anakwenda kwenye kikundi cha walioacha pombe. Hajakosa hata mara moja. Jioni anapika chai ya tangawizi kali, anaijaza kwenye chupa ya chai, anakaa nayo hadi iishe, kikombe baada ya kikombe, mikono yote miwili imeshika kikombe. Hiyo ndiyo saa yake ngumu, naijua, na huwa simsemeshi sana.

Baba hajui lolote. Nyumbani kwetu baba ana desturi: mvinyo wa kwanza anammiminia mkwe, kwa mkono wake, kisha anamtazama anavyokunywa. Krismasi ya mwaka juzi tulipokwenda Dodoma walikaa wawili barazani siku ya kwanza hadi usiku. Siku ya pili baba akasema mvinyo umeisha. Nilishangaa, maana nilikuwa nimeona dumu zima stoo, ila sikusema kitu.

Sasa kila akipiga simu anauliza, "Mwenzio anaendeleaje?" Namjibu mzima. Juzi kasema, "Mwambie huko kwa Wataliano nitammiminia mwenyewe." Ameshauliza pia kama mkasi wake wa kupogolea utaruhusiwa kwenye ndege.

Mume wangu anasema, "Twende tu, mimi nitakunywa maji." Dada yangu wa Dar, niliyemweleza, anasema nimpeleke baba peke yake na mume abaki na mtoto. Lakini baba atauliza kwa nini. Nikimwambia ukweli, namvunjia mume wangu heshima kwa mkwewe. Nikidanganya, nitadanganya siku nane mfululizo. Nikiahirisha, baba ana miaka 71. Na nikiri, dada, nina hasira kidogo. Miaka mitatu nimekatalia hata viatu kwa ajili ya safari hii, na sasa naiogopa. Tarehe 30 ni siku ya mwisho ya kufuta vyumba bila kukatwa pesa. Nifanye nini?

Binti wa Mkulima


Marahaba, mdogo wangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili niliona kwamba kila mmoja kwenye familia yako anamlinda mwenzake kwa kunyamaza. Wewe unamficha mumeo ili baba asimdharau. Mumeo anasema atakunywa maji ili ndoto yako isife. Na baba, nitakueleza kwa nini nadhani hivyo, huenda naye ana lake alilolinyamazia. Safari ya siku nane, gari moja, meza moja, ndiyo inayotishia kuufungua ukimya huo, na ndiyo maana unaiogopa kuliko unavyoogopa mvinyo wenyewe.

Nianze na hilo la baba. Unasema hajui lolote. Lakini ni wewe uliyeandika kwamba siku ya kwanza walikaa hadi usiku, na siku ya pili mzee akatangaza mvinyo umeisha huku dumu likiwa stoo limejaa. Mtu aliyetengeneza mvinyo maisha yake yote huwaona wanywaji wa kila namna. Anamjua anayefurahia glasi, na anamjua yule ambaye glasi inammeza. Sisemi kwa hakika kwamba aliona. Lakini kwa nini kila simu anauliza "mwenzio anaendeleaje", na wewe kila mara unajibu neno moja? Inawezekana swali hilo lina uzito kuliko jibu unalompa. Inawezekana pia hakuona chochote, na ndiyo maana anasema atammiminia mwenyewe. Au anayasema hayo akingoja umjibu. Kabla ya kuamua lolote kuhusu vyumba na ndege, ningependa ulijue hilo.

La pili, umechukulia kwamba baba anakwenda Sicily kunywa. Pengine. Ila katika barua nzima, ombi lake pekee la maandalizi ya safari ni la mkasi. Mzee anataka kujua kama mkasi wake wa kupogolea utapanda ndege! (Uwekwe kwenye begi la kupakiwa, siyo la mkononi.) Mimi naona anakwenda kutazama mizabibu, na hapo Sicily ina mengi ya kumwonyesha bila hata tone moja kumiminwa.

Fikiria asubuhi ya kwanza huko Randazzo. Hombolo baba amezoea nguzo na waya, ardhi tambarare, na mavuno mara mbili kwa mwaka. Hapo Etna atakuta mashamba yamepanda mlima kwa ngazi, kila ngazi imeshikiliwa na ukuta wa mawe meusi ya volkano yaliyopangwa bila saruji, mengine mita 800 na zaidi juu ya bahari. Mizabibu mingi ya zamani haina waya. Kila mche umesimama peke yake kama kijiti, umefungwa kwenye nguzo ya mti wa mchestnati, na wenyewe huuita alberello, yaani mti mdogo. Baadhi ina miaka zaidi ya 100, kwa sababu yule mdudu filoksera aliyeangamiza mizabibu ya Ulaya karne ya 19 hastawi kwenye mchanga wa volkano. Aina yao kubwa, Nerello Mascalese, huchelewa kuiva, mara nyingi huvunwa Oktoba. Mtu wa mavuno mawili kwa mwaka akisimama mbele ya mche wa miaka 100 unaozaa mara moja, tena kwa kuchelewa, ana maswali ya kutosha mpaka jua linazama. Mwombe mwenyeji pia awaonyeshe palmento, nyumba ya mawe ambamo zamani zabibu zilikanyagwa kwa miguu na mchuzi ukatiririka kwenye mabirika ya chini. Baba atautambua mchuzi wa zabibu bila kutafsiriwa.

Na Pantelleria, ukipata namna ya kuibakisha, ibakishe. Upepo wa kisiwa kile ni mkali kiasi kwamba mzabibu hupandwa ndani ya shimo la kina kifupi, matawi yakikaa chini karibu na ardhi. Ukulima huo UNESCO iliuingiza kwenye urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2014. Zabibu zao huanikwa juani kabla ya kukamuliwa mvinyo mtamu. Huiita zibibbo. Umelisikia neno hilo? Ni zabibu yetu hiyohiyo. Waarabu walitawala Sicily kuanzia karne ya 9 wakaliacha neno huko, na sisi tukalipata kwao kwa njia ya Pwani. Mwambie baba hilo mkiwa shambani, usimwambie kwenye simu.

Kwa hiyo naomba uitazame upya ile orodha ya viwanda tisa. Hata kwa mnywaji asiye na tatizo lolote, viwili kwa siku vinatosha, maana kila kimoja kinakaa na mgeni saa mbili na kumimina aina tano au sita. Kutoka Etna hadi Marsala ni zaidi ya kilomita 300, na mzee wa miaka 71 atazimaliza amechoka. Vitatu au vinne kwa safari nzima, vyenye shamba la kutembea na mwenyeji anayependa kueleza, huenda vikampa baba zaidi. Kwenye barua pepe ya kuomba nafasi waeleze kwamba mgeni wao ni mkulima wa zabibu kutoka Tanzania na anataka kuanzia shambani.

Sasa mumeo. "Nitakunywa maji" ni neno la mtu aliyekwenda kikundini kila Jumanne kwa miezi 14, kwa hiyo usilidharau. Lakini lisikupe usingizi pia, kwa sababu amelisema akiwa jikoni kwenu, na jikoni kwenu hakunuki mvinyo. Wakati wa mavuno kiwanda chote hunuka mchuzi unaochachuka, harufu inashika hadi kwenye nguo. Wapo watakaomwambia aonje tu na kutema, kama waonjaji wanavyofanya. Kwa mtu aliyeacha, ladha mdomoni inaweza kuwa ndiyo mlango wenyewe, achilia mbali kile kinachopita bila kumezwa. Na jambo dogo ambalo wengi hulisahau: kama daktari amempa dawa ya kumsaidia asinywe, aulizwe kuhusu chakula, maana baadhi ya dawa hizo huleta madhara makali hata kwa pombe kidogo, na huko mvinyo wa Marsala humiminwa kwenye michuzi ya nyama na kwenye keki kama sisi tunavyotia ndimu.

Ule udereva uliompa nao naomba tuutazame. Nimeelewa nia yako: ulimpa kazi ya heshima, na sababu ya wazi ya kutokunywa. Lakini dereva hakai nje. Anaingia na wageni, anakaa mezani, anaangalia glasi za wengine saa mbili, kisha anaendesha akiwa na wazo hilo kichwani kwenye barabara za mlima zenye kona. Mara tisa. Je, alikubali kwa sababu anaweza, au kwa sababu anahisi bado ana deni kwako tangu siku ile ya mvua?

Dada yako wa Dar anasema abaki. Huenda ana haki. Nyumbani kuna kikundi, kuna Jumanne, kuna chai yake. Ila kubaki nako si salama kwa jina tu. Siku nane peke yake, na mtoto juu, akijua kwamba familia yote imekwenda kwenye jambo ambalo yeye ameonekana hawezi, zinaweza kuwa ngumu kuliko siku nane za harufu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi sikilalii, wala wewe. Anayekijua ni yeye, pamoja na watu wa kikundi chake, ambao wengi wao wamewahi kuvuka harusi, Krismasi na safari. Amewauliza? Ni swali dogo, lakini jibu lake lina thamani kuliko langu.

Ipo pia njia ya katikati: mwende wote, mgawane siku. Wewe na baba mnapokuwa kiwandani na dereva wa kukodi, mumeo na mwanawe wanapanda Etna kwa gari la kamba upande wa kusini, au wanapanda Circumetnea, treni ndogo inayozunguka mlima na kupita Randazzo. Jioni mnakutana mezani, watu wanne, na mezani hapo pana maji. Baba atapata mkwe wake, mtoto atapata baba yake. Hatari ya njia hii ni kwamba ikifanywa bila maelezo, baba ataona mkwe anamkwepa, na kwa mzee kukwepwa kunauma kuliko ukweli. Mkienda wawili tu na ukaendesha mwenyewe, kumbuka sheria ya Italia haimruhusu dereva kuzidisha gramu 0.5 za kileo kwa lita moja ya damu, kwa hiyo utakayekuwa unatema ni wewe.

Kuahirisha umekutaja kwa huzuni, na huzuni hiyo naielewa. Lakini kama visa na kazi yako vingeruhusu, kuna msimu ambao sijaona umeufikiria: majira ya baridi, mizabibu ya huko inapopogolewa. Hakuna mchuzi unaochachuka, kuna mikasi. Etna ina theluji wakati huo na mzee atahitaji koti zito. Hakuna anayeweza kukuahidi afya ya mtu wa miaka 71 kwa miezi minne ijayo, na wewe muuguzi unalijua hilo kuliko mimi. Hilo nakuachia ulipime.

Vyovyote itakavyokuwa, unabaki na swali la nani atamwambia baba, na hapa nitakuomba usiharakishe. Siri hii si yako. Ni ya mumeo, na heshima unayoogopa kuivunja ni yake kuitunza au kuiweka wazi. Anaweza kupiga simu mwenyewe. Anaweza kukuruhusu wewe useme, na kiasi gani useme. Anaweza kumtuma mshenga wenu, kama bado yupo, maana maneno mazito kati ya mkwe na mkwe kwetu yamekuwa yakipita kwa mtu wa tatu, na hakuna aibu katika hilo. Wengine husema tu "daktari amemkataza". Kwa mhudumu wa kiwandani halihitajiki hata hilo. "Mimi sinywi, asante" inatosha, na wamezoea kuisikia. Kwa baba, neno la daktari litazaa swali la ugonjwa gani, na mzee aliyempoteza mke juzi atalala na swali hilo. Unaweza kulichagua ukilijua hivyo.

Na unaogopa kwamba baba akijua atamdharau. Inawezekana akaumia, inawezekana akanyamaza siku mbili. Inawezekana pia mtu huyu huyu aliyelifungia dumu stoo akamtazama mkwe wake kwa jicho ambalo hujawahi kuliona. Sijui lipi. Unamjua wewe.

Hasira yako usiionee haya. Umemuuguza mume, umemlea mtoto, umemlilia mama, umejinyima viatu, na katika barua nzima hakuna sentensi moja inayosema wewe unataka nini ukifika Etna. Je, unataka kuonja? Unataka kukaa na baba peke yako, kama usiku ule wa matanga? Ukinijibu hilo, hata kwa kuliandika kwenye karatasi ya kwako mwenyewe, baadhi ya njia hizi zitafungika zenyewe na nyingine zitafunguka.

Bado kuna siku kadhaa hadi tarehe 30. Unasema jioni saa ya chai humsemeshi sana. Jioni moja kati ya hizo leta kikombe chako, akumiminie. Usimuulize "utaweza?", kwa sababu hilo lina jibu moja tu ambalo mwanamume anaweza kulitoa mbele ya mkewe. Fungua ile ratiba, uiweke mezani kati yenu, umuulize siku ipi kati ya hizo nane anaiona ngumu kuliko zote. Kisha ngoja, hata kama chupa ya chai itaisha kwanza.

Dada yako Mshauri